Mkate wa kumimina, jaribio la saba: vitundu vimetoka

Vimetoka! Jumapili, Aprili 13, nimefunua sufuria ya mkate wa kumimina, ule wa mchele na tui la nazi, uani kwa bibi, Kikwajuni, mjini Unguja, nikakuta vitundu vimejaa uso mzima, ukingo hadi ukingo. Nimekata kipande, ndani kimesimama kama sega la nyuki. Nimemwita kila aliyekuwa karibu aje atazame.

Idd Mosi yenyewe ilikuwa Machi 31. Siku hiyo tulikuwa watu sita tu nyumbani. Shangazi na wanawe walikuwa Muscat wakisubiri ruhusa kazini, ndugu zetu wa Pemba walizuiliwa na bahari, na bibi akasema basi afunge siku sita zake za Shawwal kwanza, tule Idd pamoja watu wakishafika. Jumapili hiyo tukafika 34. Watoto wakavaa tena nguo zao mpya, wakapewa tena mkono wa Idd. Biriani walishika mama zangu wadogo. Mimi niliomba mkate, kwa sababu ulikuwa umeshanishinda mara sita na sikutaka Idd hii ipite hivyo.

Kuloweka mchele na kuusaga mnakujua. Kilichonitesa ni hiki: uso unatoka mzuri, rangi ya dhahabu, ukitia kisu ndani mkate umegandamana kama ugali wa jana. Kwanza nililaumu hamira, nikanunua nyingine. Haikusaidia. Nikaja kwenye sukari. Ikiwa nyingi tangu mwanzo inaizubaisha hamira na kuulegeza unga, kwa hiyo sasa naitia unga ukishaumuka, na hilo sitaliacha. Lakini vitundu havikuja. Jaribio la nne niliswali alasiri, nikapitiwa na mazungumzo, niliporudi unga umeshapanda, umeshuka na umechacha. Jaribio la tano niliupunguzia tui ukawa mzito, ukatoka mgumu zaidi. La sita karibu nilie.

Kuhusu blenda, kwa kuwa kila mtu ana neno lake: haina kosa, kosa ni kuisagisha mfululizo mpaka unga unapata moto. Nasaga kwa vipindi, tui likiwa baridi, kisha nasugua tone kati ya vidole. Chenga zikisikika, narudia, maana chenga huzama na kuganda chini. Sufuria nyepesi nimezikataa kabisa. Ya kusubu, nzito, ndiyo inayotulia na moto.

Jibu lilitoka kwa bibi, Ijumaa, amekaa juu ya mbuzi anakuna nazi. Alinitazama nikiweka makaa juu ya mfuniko, akasema, “Mjukuu wangu, mbona unaufunika mapema? Ungoje upumue.”

Ndilo kosa langu la mara zote sita. Nilikuwa napalilia, yaani naweka makaa juu ya mfuniko, mara tu nikishamimina. Moto wa juu unaukausha uso kabla mapovu ya chini hayajapanda, yanakosa njia, yanafia humo humo. Sasa namimina polepole bila kuukoroga tena unga, moto wa chini mdogo sana, sufuria wazi. Nangoja. Vitundu vinaanza pembeni, vinaelekea katikati. Katikati ikishatoboka na uso umeanza kukauka, hapo ndipo nafunika, napalilia juu kwa nguvu, na chini nabakisha makaa mawili matatu tu.

Nilikuwa nimepanga pia tambi za kukaanga na kaimati. Tambi bado zimo kwenye pakiti, kwa sababu Jumamosi nilipata wazo la vifuu. Masika imeyalowesha makaa, yanatoa moshi na yanachelewa kushika, na pale uani palikuwa na rundo la vifuu vya nazi zilizokunwa. Nikavichoma. Vinashika upesi, vina moto mkali, ni vyepesi juu ya mfuniko, na vinaisha karibu wakati ule ule mkate unapoiva. Bibi akasema kwao zamani hawakupalilia kwa kitu kingine. Nimeshinda siku nzima nikipima idadi: kwa sufuria yangu, vifuu vinne vilivyovunjwa vipande na kusambazwa pembeni zaidi kuliko katikati.

Jumapili nikatoa mikate mitano. Wa tatu uliungua upande mmoja, upepo ulisukumia moto huko, nikaukata ukingo. Mingine minne ilitoka sawa. Bibi alikula kipande, akanyoosha sahani apewe kingine. Sikusema kitu, nilimkatia kikubwa.

Shangazi amefunga vipande vitatu kwenye begi la Muscat. Kabla ya kuondoka aliniuliza ataufanyaje kule kwenye fleti, hana uani wala vifuu. Ana ovena yenye moto wa juu unaowashwa peke yake. Nimemwambia aanzie juu ya jiko la gesi, sufuria wazi, vitundu vikifika katikati auhamishie ndani ya ovena, awashe wa juu tu. Ameahidi kunipigia picha wiki ijayo.