Kwenye Magofu ya Akina Lovell

Nilishuka basi Witney, magharibi ya Oxford, nikaenda kwa miguu kama kilomita tano hadi kijiji cha Minster Lovell. Manyunyu hayakukatika njia nzima, viatu vikalowa chapachapa.

Magofu yako nyuma ya kanisa, kando ya mto Windrush. Kuta za ukumbi mkuu bado zimesimama wima, ila paa halipo, na madirisha yamebaki matundu ya kupitisha upepo. Jumba hili alilijenga William Lovell, kabaila wa Kiingereza, miaka ya 1430, aliporudi kutoka vita vya Ufaransa. Uwezo alikuwa nao. Ukoo wake ulitajirika zaidi kwa ndoa kuliko kwa upanga: walioa mabinti warithi wa akina Holland na akina Deincourt, na mashamba ya wakwe yakawa yao.

Kanisani kuna kaburi la alabasta linaloaminika kuwa lake. Shujaa kalala chali na deraya yake, na ubavuni zimechongwa ngao za koo. Niliweka kiganja juu ya jiwe. Lilikuwa baridi, laini kama sabuni iliyotumika.

Mjukuu wake, Francis, alifiwa na baba mwaka 1465 angali mtoto. Ujanani akawa swahibu wa Richard, ndugu wa mfalme Edward IV wa Uingereza. Mwaka 1483 Richard akakikalia kiti cha enzi mwenyewe, akampa Francis cheo kikubwa katika nyumba ya kifalme, na mwaka huohuo akaja kulala hapa Minster Lovell. Miaka miwili tu! Tarehe 22 Agosti 1485 Richard akauawa katika vita vya Bosworth, na ardhi yote ya akina Lovell ikataifishwa. Jumba hili akapewa Jasper Tudor, ami yake mfalme mpya, Henry VII.

Wengi walimpigia magoti mfalme huyo. Francis hakupiga, na mimi kwa hilo namheshimu. Mwaka 1487 alipigana na jeshi la mfalme huyo, huko Stoke, akashindwa. Inasemekana alionekana mara ya mwisho akijaribu kuuvuka mto Trent juu ya farasi. Baada ya hapo, kimya. Mtoto hakuacha.

Manyunyu yalipokatika niliketi ukingoni mwa Windrush. Ni mto mwembamba, mchanga wa chini unauona. Lau angekuwa anavuka huu wa kwao, angefika ng'ambo kabla farasi hajalowa tumbo.