Nilivyofanikiwa kufuga uduvi wa rangi kwa maji ya Arusha

Uduvi wekundu wa mapambo, Neocaridina, ni wavumilivu, lakini kwangu walikuwa wakifa kila wakijivua gamba. Mtazame kwa karibu anayekufa hivyo: nyuma tu ya kichwa kuna mstari mweupe umemzunguka mwili mzima. Gamba limepasuka duara badala ya kufunguka mgongoni, naye amekwama ndani.

Kasoro ilikuwa kwenye maji. Maji yanayopita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru yana bikaboneti ya sodiamu na floraidi nyingi, huku kalsiamu ikiwa kidogo. Bomba langu lilisoma KH (kipimo cha bikaboneti) 12 na GH (kipimo cha kalsiamu na magnesiamu) 3 tu. Wengi hupima pH, wakiona imepita 8 wanasema maji ni magumu, wanaishia hapo. Uduvi anajenga gamba kwa kalsiamu, na kalsiamu unaiona kwenye GH. Maganda ya mayai na vipande vya matumbawe havisaidii hapa, kwa kuwa maji yenye pH na KH ya juu namna hii hayayeyushi chokaa. Kuchemsha nako hakuondoi floraidi. Maji yakipungua ndiyo inazidi kukolea.

Dawa ni maji ya mvua. Kwa ndoo ya lita 20 natumia lita 15 za mvua na 5 za bomba, zilizolala siku nzima na jiwe la hewa ili klorini itoke. KH inashuka hadi 3. Kisha naongeza jasi safi gramu 2.5 kwa ajili ya kalsiamu na chumvi ya Epsom gramu 1.8 kwa ajili ya magnesiamu, GH inafika karibu 7. Jasi haiyeyuki upesi, hivyo itie kwanza kwenye chupa ya lita moja na nusu yenye maji hayohayo, tikisa, iache usiku kucha. Mizani ya jikoni haitoshi, tafuta ndogo kama ya sonara.

Wakati wa kukinga, acha dakika 15 za mwanzo zioshe bati. Jirani akipuliza mrututu (dawa ya ukungu yenye shaba) kwenye kahawa, wiki hiyo usikinge kabisa, na ndoo iliyochanganyia dawa usiiguse hata ukiisugua: shaba kidogo tu inaua uduvi huku samaki wakiendelea kuogelea. Tanki langu ni la lita 60, nabadilisha lita 6 kwa wiki, na pipa la lita 200 likijaa masika linanivusha hadi vuli. Maji yaliyopungua kwa mvuke nafidia kwa mvua tupu. Ukifidia kwa bomba, chumvi zinajilimbikiza na KH inapanda tena.

Mengine ni mepesi: mchanga, mimea ya majini yaani mosi wa Java na anubiasi iliyofungwa kwenye kipande cha gogo, chujio la sponji, taa saa 7 kwa siku. Subiri wiki 5 au 6 hadi amonia na naitraiti zisome sifuri ndipo uwalete, ukiwadondoshea maji ya tanki tone kwa tone kwa saa mbili.

Jike mwenye mayai anayabeba chini ya tumbo, akiyapepea kwa vijiguu bila kuchoka. Baada ya mwezi hivi, watoto wa milimita mbili, wenye umbo kamili la uduvi, wanaonekana kwenye mosi. Kuanzia hapo, kila unapofyonza uchafu funga soksi ya nailoni kwenye mdomo wa mpira.