Ulimi kwanza, na wali usiuache

Mgeni akifika kwangu Osaka, akishapumzika nampeleka kula yakiniku, yaani nyama choma ya Kijapani, ya tabehodai, yaani kula upendavyo. Bei ni moja, nyama inaletwa mbichi sahani baada ya sahani, jiko liko katikati ya meza, na mnachoma wenyewe mpaka muda uishe, ambao huwa dakika 90 hadi 120. Karibu kila mgeni huja ameshinda na njaa tangu asubuhi ili asipunjwe. Nawaomba sana msifanye hivyo. Mwenye njaa kali humaliza sahani tatu za kwanza bila kujua amekula nini, na utamu wote wa tabehodai uko katika kujua unachokula.

Nasema hivi kama mtoto wa bucha. Baba alikuwa na bucha Moshi, na nimekua nikimsikia akiwauliza wateja swali lilelile: steki au mchanganyiko? Panga linashuka kwenye gogo, nyama inapimwa, imekwisha. Mbavu, shingo na bega vinaingia mfuko mmoja kwa jina moja. Huku nafungua tableti ya mezani namkuta ng'ombe amegawanywa, kila kipande na picha yake na jina lake. Karubi ni nyama ya mbavu. Rosu ni ya mgongoni. Harami ni ile nyama inayotenganisha kifua na tumbo, nyekundu iliyokolea, laini, na kwangu ndiyo tamu kuliko zote. Kwa bei ileile nazionja zote na kuzilinganisha papo hapo, jambo ambalo kwenye mgahawa wa kulipia kila sahani mfuko wangu usingeliweza.

Bei moja ya kula upendavyo iliingia Japani mwaka 1958, Imperial Hotel ya Tokyo ilipofungua ukumbi ulioitwa Imperial Viking, baada ya mkuu wa hoteli kuuona utaratibu huo Denmark. Yakiniku ina chimbuko jingine. Ilijengwa kwa kiasi kikubwa na Wakorea walioishi Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, na matumbo yalikuwa sehemu kubwa ya biashara yao. Ukishuka kwenye treni Tsuruhashi, hapa hapa Osaka, harufu ya nyama choma inakupokea kabla hujatoka stesheni. Mwaka 2001 Wizara ya Mazingira ya Japani ilichagua mahali 100 penye harufu zinazostahili kutunzwa, misitu na maua na bahari, na Tsuruhashi imo. Niliposoma habari hiyo nilifurahi kama mtu aliyesifiwa kijiji chake.

Sasa tule. Anza na ulimi, wavu ukiwa bado safi, kwa sababu nyama zenye sosi tamu zikitangulia zinaunguza sukari na kila kitakachofuata kitanukia masizi. Kipande cha ulimi ni chembamba kiasi kwamba ukikinyanyua kwa koleo unaona mwanga upande wa pili. Kiweke, kiache. Kingo zinaanza kujikunja, kisha matone ya maji ya nyama yanachomoza juu. Hapo geuza, mara moja tu, hesabu mpaka tano, toa. Chumvi, limau, mdomoni. Baada ya hapo ndipo uende kwenye harami, halafu karubi yenye sosi.

Mdogo wangu wa kike alipokuja, niliagiza utumbo mnene bila kumwambia. Ulitangulizwa upande wa ngozi mpaka ukasinyaa, kisha nikaugeuza upande wa mafuta. Mafuta yakadondoka, moto ukapanda. Nikaweka kipande cha barafu juu ya wavu, ukatulia.

"Kaka, huu si utumbo?"

"Ndiyo. Onja."

Akatafuna muda mrefu. "Mbona hauna ile harufu? Mama angekuwepo!" Sahani iliyofuata aliiagiza yeye.

Koleo la nyama mbichi na vijiti vya kulia visichanganywe. Wahudumu wanasisitiza, na wana sababu: mwaka 2011 watu walikufa baada ya kula nyama mbichi ya ng'ombe kwenye migahawa ya yakiniku, sheria zikakazwa, na tangu Julai 2012 ni marufuku kuuza ini la ng'ombe la kuliwa bichi. Kwa hiyo ini lichome mpaka ndani. Baba hakuwahi kuning'iniza nyama isiyo na mhuri wa bwana afya, kwa hiyo mimi masharti haya nayapenda.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba wali usiuguse kwa sababu unajaza tumbo na kumfaidisha mwenye mgahawa. Siukubali kabisa. Chovya karubi kwenye sosi, ipitishe juu ya wali wa moto ili sosi idondokee pale, kula nyama, kisha kula ule wali uliolowa. Agiza bakuli dogo. Ukiunyima mdomo wali, karubi ya nne inakinaisha.

Masharti mengine ni machache. Meza nzima huchukua kozi moja, yaani mpango uleule wa bei. Oda ya mwisho hupokelewa dakika 20 au 30 kabla ya muda kuisha. Chakula kingi kikibaki unaweza kutozwa, hivyo agizeni sahani mbili, mkimaliza agizeni tena. Ndugu zangu Waislamu, migahawa mingi huchoma nguruwe kwenye wavu uleule, na sosi nyingi zina sake au mirin, ambazo ni pombe za mchele. Tafuteni yenye cheti cha halali, Osaka na Tokyo ipo.

Mdogo wangu amenipigia juzi kutoka Moshi akiuliza ulimi unakatwaje mwembamba vile bila mashine. Jibu langu na lako msomaji ni hili: toa ngozi yake kwa kisu kikali ungali mbichi, uweke kwenye friza mpaka ukaze bila kuwa jiwe, ndipo ukate. Mkaa uwe umeshika vizuri, usiwe na moshi. Limau likikosekana, ndimu inatosha.