Gobi wa kwenye kichupa

Jana binti yangu alikuwa akinisaidia kuchambua omena, dagaa wa ziwani. Akainua mmoja, akauliza, "Baba, kuna samaki mdogo kuliko huyu?" Nikamwambia yuko, tena baharini. Hakuniamini, na simlaumu.

Ilikuwa 1997, muhula wa tatu, mvua ya El Niño inatwanga mabati ya maabara, hapa hapa Kisumu. Mwalimu wetu wa baiolojia alikuwa mtu wa Pwani, kaletwa huku na uhamisho, na samaki wetu alikuwa akiwala kwa adabu tu. Siku hiyo akaweka mezani kichupa cha fomalini. Ndani, gobi, samaki mdogo wa baharini, urefu wa ukucha wa kidole gumba.

"Mwalimu, huyo ni omena aliyefiwa!" sauti ikatoka nyuma. Tulicheka. Watoto tuliokuzwa na mbuta, yule sangara mkubwa wa ziwani, tutishwe na hicho?

Hakukasirika. Alimtoa kwa kibano, akamlaza chali kwenye kisahani cha kioo, akanipa lenzi kwa kuwa nilikaa mbele. Rangi ilishakwisha, amebaki mweupe kama punje ya wali. Macho yalikuwa juu kabisa ya kichwa. Ila chini ya kifua, pale ngege, yaani tilapia wetu, anapokuwa na mapezi mawili, huyu alikuwa na kikombe. Mapezi yameungana, ukingo mwembamba unaona kioo upande wa pili. Nikakigusa kwa ncha ya sindano, kikajikunjua kidogo.

"Hicho ndicho kinachomshikilia mkondo ukipita," mwalimu akasema.

Kisha akatueleza kuhusu gobi wa mchangani wanaokaa shimo moja na kamba, yule wa baharini mwenye miguu mingi. Kamba haoni vizuri, lakini ndiye mchimbaji. Samaki hukaa mlangoni akichunga. Kamba akitoka kumwaga mchanga, papasi lake, ule unywele mrefu wa kichwani, haliachi mwili wa mwenzake. Samaki akitikisa mkia tu, wote ndani.

"Na samaki anafaidi nini?" nikauliza.

"Nyumba, mwanangu. Mchanga hauna pa kujificha." Akanyamaza, akatazama mvua dirishani kwa muda ambao darasa la kidato cha pili haliwezi kuuvumilia.

Mwaka uliofuata alirudishwa kwao. Siku hizi hujiuliza kama kweli somo lilikuwa la samaki. Labda namsingizia, huenda alikuwa anangoja kengele kama sisi. Mtihani wa mwisho wa muhula, hata hivyo, uliuliza ngege.