Nilivyosomea udaktari wa uuguzi bila kuacha kazi

Mimi ni muuguzi wa afya ya jamii katika kaunti moja jimboni Kentucky, Marekani. Wenzangu wanaofikiria kusomea DNP, yaani shahada ya udaktari wa uuguzi inayolenga utendaji, huniuliza niliwezaje na kazi na watoto. Jibu langu: kwa mradi wa masomo nilichagua tatizo ambalo tayari lilikuwa mezani kwangu.

Wengi huichanganya DNP na PhD, yaani shahada ya uzamivu ya utafiti. Kwenye PhD unatafuta maarifa mapya. DNP inakutaka uchukue yaliyokwisha kuthibitishwa uyafanye yafuatwe kazini kwako. Kwa mwongozo wa 2006 wa muungano wa vyuo vya uuguzi Marekani, tuliousomea sisi, ulihitaji saa 1,000 za mafunzo kwa vitendo baada ya shahada ya kwanza, pamoja na mradi. Saa za shahada ya uzamili huweza kuhesabiwa, kwa hiyo ulizeni mapema.

Mezani kwangu kulikuwa na TB fiche. Wakimbizi kadhaa kutoka Kongo walikutwa na vimelea vilivyolala mwilini: hawaumwi, hawaambukizi, nasi tunawaomba wameze dawa ili wasije wakaugua. Tulikuwa na tiba fupi, isoniazid na rifapentine mara moja kwa wiki, wiki 12 tu, badala ya isoniazid peke yake kila siku kwa miezi 6 au 9. Hata hivyo watu waliacha njiani.

Nikaanza kuwafuata majumbani. Mama mmoja alininong'oneza mlangoni, "Dada, niko nakojoa damu." Haikuwa damu. Rifapentine hugeuza mkojo, jasho hata machozi kuwa rangi ya chungwa au nyekundu. Karatasi aliyopewa ilieleza hayo kwa Kiingereza, lugha asiyoisoma. Alikuwa amevumilia hofu hiyo peke yake, na iliniuma sana.

Mradi ukawa huo. Kabla ya dozi ya kwanza tunakaa na mgonjwa, tunaongea Kiswahili, tunamwonyesha picha ya rangi ya mkojo na vidonge vyenyewe, maana kwa mtu mzima vinaweza kufika tisa kwa mkupuo, kisha anatueleza alivyoelewa. Kesho yake tunampigia simu. Wanawake tunawauliza kuhusu uzazi wa mpango, kwa kuwa dawa hii hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya homoni.

Kazi kubwa ilikuwa kuwashawishi wakuu watupe muda huo. Niliwapelekea orodha ya walioacha, pamoja na sababu walizozitaja wenyewe, wakakubali. Walioacha wakapungua, na utaratibu ule unaendelea hata baada ya mimi kuhitimu.

Anayetaka kuanza azungumze na msimamizi wake kabla ya kujaza fomu za chuo.