Nilivyotunza stoo ya mabasi tisa yasiyofanana

Niliajiriwa stoo ya kampuni ya mabasi hapa Iringa nikiwa nimetoka kusomea uhasibu, basi nalijua kwa kulipanda tu. Kampuni ilikuwa na magari tisa: Yutong tatu za Dar es Salaam, Scania mbili kuukuu za injini ya mbele zilizopiga barabara za udongo za Mufindi, na Coaster nne za Mafinga na Kilolo. Tajiri alinunua moja moja kadiri alivyopata pesa, nyingi zikiwa zimeshatumika kwa wengine.

Daftari nililokabidhiwa lilikuwa na kurasa tatu: Yutong, Scania, Coaster. Mwezi wa nne tu, Coaster moja ikazima karibu na Ifunda, imejaa abiria. Taimingi belti, mkanda wa meno unaoendesha valvu ziende sambamba na pistoni, imekatika, valvu zimepinda. Daftari linasema belti ya Coaster imebadilishwa. Kweli ilibadilishwa, ila ya Coaster nyingine.

Kina mama na watoto wachanga walikaa kando ya barabara mpaka jua linazama. Siku ile nililia stoo. Fundi mkuu, mtu wa rika la baba yangu, akanikuta.

"Kamwene, mwanangu. Futa machozi, njoo nikuonyeshe."

Akafungua kifuniko cha injini pembeni ya kiti cha dereva. Mbili kati ya Coaster zetu zina injini ya 1HZ, akasema, pistoni sita, na hiyo ndiyo yenye belti. Mbili zina 14B, pistoni nne, zenyewe kazi hiyo inafanywa na gia. Belti hiyo hazina kabisa. "Kwa nje mapacha, kwa ndani hazina hata udugu."

Jumapili tatu mfululizo tulipita gari baada ya gari, yeye chini na tochi, mimi na kaunta buku. Kila gari likapata kurasa zake kwa namba ya usajili: injini, filta, breki, tairi, kilomita za kila matengenezo. Breki za Coaster ni za mafuta, za mabasi makubwa ni za upepo. Tairi za Coaster rimu 16, Yutong 22.5. Hata nati: upande wa kushoto wa Coaster zinafunguliwa kinyume, na boliti zimegongwa herufi L. Kijana aliyezoea Yutong alishakata boliti mbili kwa kuning'inia kwenye spana akikazia badala ya kulegeza. Nikazipaka rangi nyekundu nati zote za kushoto.

Kilichonisaidia kuliko vyote ni waya. Kila spea iliyotolewa, filta au bea, niliifunga kipande cha waya chenye kibao cha bati, nikaandika namba ya gari, nikaitundika ukutani. Anayetumwa Gerezani, kwenye maduka ya spea ya Dar es Salaam, kununua anaondoka na sampuli mkononi. Kumtuma mtu Dar es Salaam na jina la gari tu ni kumwaga pesa, nawaambia wote wanaoanza kazi hii.

Mwaka uliofuata, ukurasa wa ile 1HZ ya pili ulikaribia kilomita 100,000 tangu belti ifungwe. Nikamwambia fundi mkuu, gari likalazwa gereji siku moja. Belti ilipotoka, aliikunja mbele yangu: upande wa meno umejaa nyufa nyembamba kama za kisigino. Nikaifunga waya, nikaitundika.