Shule ya kutwa, matroni ni mimi

Kwa Mtanzania wa umri wangu neno "kutwa" lina harufu yake. Shule nzuri ya wasichana ni ile unayopelekwa na tranka, ndoo, kwanja, ufagio wa chelewa na godoro lililokunjwa juu ya keria ya basi. Kutwa ilikuwa ya waliokosa nafasi. Ndiyo maana binti yetu alipopata nafasi katika shule binafsi ya wasichana ya Kianglikana hapa Sydney, swali la kwanza la mama yangu kutoka Dodoma lilikuwa moja tu: "Bweni lipo?" Nikamwambia hapana mama, anarudi nyumbani kila siku. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza anaingia darasa la ngapi. La saba. "La saba? Kwani amerudishwa?" Huku darasa la 7 ndilo mwanzo wa sekondari, na simu mbili zilikatika salio kabla hajanielewa.

Nafasi yenyewe tuliipata kwa mtihani wa ufadhili, ule unaotungwa na taasisi ya ACER: ufahamu, hisabati na insha. Aliufanya akiwa darasa la 5. Kwa shule nyingi za aina hii jijini, ada kamili ya madarasa ya juu inapita dola 30,000 za Australia kwa mwaka, na hiyo ni kabla ya kununua hata soksi. Sisi tulisamehewa nusu. Nusu iliyobaki tunailipa kwa zamu zangu katika nyumba ya wazee, nyingi za usiku, na kwa gari la mizigo la baba yake. Sare tulizipata kwenye duka la mitumba la shule linaloendeshwa na wazazi wenyewe: koti, sketi mbili za marinda na kofia ya ukindu bandia iliyokuwa na jina la msichana mwingine ndani. Nilipofika pale nikachambua, nikageuza mishono, nikaangalia kwapa. Mama mmoja aliyekuwa zamu akacheka, akasema hajawahi kuona mtu akikagua koti namna ile. Dada, mimi nimekulia soko la Sabasaba, Dodoma, mtumba unaujua kwapani.

Kwenye usaili tuliulizwa kwa nini shule ya kanisa. Nikaeleza kwamba Dayosisi ya Central Tanganyika, ambako nilibatizwa, ilianzishwa mwaka 1927, na askofu wake wa kwanza, George Chambers, alitoka hapahapa Sydney, alikuwa kasisi wa mtaa wa Dulwich Hill. Walitabasamu sana. Ada haikushuka hata senti, lakini nilijisikia kama mtu aliyekuja kwa shangazi. Hata ibada yao ya kila wiki niliitambua: nyimbo, neno, mahubiri, sala, kwisha. Baba yake ametoka Muheza, upande wa wamisionari wa UMCA, misheni ya Kianglikana kutoka Uingereza, wenye kengele na mishumaa, akahudhuria ibada ya kufungua mwaka akatoka ananong'ona, "Hawa hawana hata ubani?" Nikamwambia karibu Dodoma.

Shida ilianza wiki ya pili. Nilikuwa nimeshajipanga kichwani kwamba mtoto ameshapata shule nzuri, sasa shule imsomeshe. Bwenini hata mzazi akisahau kwamba ana mtoto, kengele inapigwa, uji unapikwa, matroni anapita na tochi. Huku ujumbe ulimiminika kwenye simu: Jumatatu alete gitaa, Jumanne ana mazoezi ya kwaya kabla ya vipindi, Jumatano sare ya michezo, Alhamisi kipindi cha ibada kwa hiyo koti ni lazima, Ijumaa usiku mdahalo katika shule nyingine upande wa pili wa jiji. Jumamosi, siku ambayo mimi ndiyo kwanza nimetoka zamu na macho yamevimba, kuna mechi. Wiki hiyo hiyo nikamfungia kashata za karanga kwenye chakula chake cha mchana. Mchana nikapigiwa simu kwa upole mkubwa: shuleni hakuna kuleta karanga, kuna wanafunzi ambao zinaweza kuwaua. Mimi, Mgogo, niliyelelewa kwa mlenda wa karanga, nilibaki nimeshika simu.

Jioni ile nilikaa mezani nikaandika ratiba kwenye upande wa nyuma wa kalenda ya kanisa, kama ile iliyokuwa imebandikwa mlangoni mwa bweni letu. Saa 11:30 alfajiri kuamka. Saa 12:50 kutoka, ashike treni. (Nauli si tatizo: sekondari wanaoishi zaidi ya kilomita 2 kutoka shuleni kwa mstari ulionyooka wanapewa kadi ya Opal ya mwanafunzi, wanapanda bure.) Saa 1:00 usiku prepu, simu inalala kwenye bakuli la matunda hadi saa 3:00. Kila Jumapili jioni ukaguzi: viatu, sare, begi, ratiba ya wiki. Nikimaliza zamu ya usiku, baba yake ndiye patroni wa asubuhi. Mwanzoni nilipiga kijiko kwenye sufuria kuita prepu kwa mzaha tu, ila hadi leo kijiko kinapigwa, na mdogo wake wa miaka 6 anakimbia mezani na penseli ya rangi kana kwamba naye ana mtihani.

Ugomvi mmoja ulikuwa wa nywele. Ilikuja barua kwamba rasta zake "zimepita kiasi" kwa mujibu wa kanuni za sare. Nilikasirika, nikaomba kuonana na mwalimu anayesimamia darasa lao. Njiani nikawa najicheka, maana mimi mwenyewe nilisoma kipara miaka sita na hakuna mzazi aliyefunga safari kulalamika. Lakini kule sote tulinyolewa. Huku barua imekuja kwa mmoja. Hilo ndilo nililosema, bila kupandisha sauti, na nikaonyesha picha jinsi zinavyofungwa nyuma hata kola haiguswi. Tukaelewana: rasta ruksa, rangi ya nywele zake, zifungwe.

Kuogelea ndiko kulikotutoa jasho. Muhula wa kwanza, mwezi wa pili, kuna siku nzima ya mashindano ya kuogelea kati ya hausi, yaani yale makundi ambayo kwetu yangeitwa mabweni, ila hayana vitanda. Kila anayemaliza anaipatia hausi yake pointi. Mtoto wa Dodoma, mji ambao mto wake mkubwa unapita mchanga zaidi ya maji, bwawa la mita 50 ataliweza wapi? Mwaka wa kwanza alikaa jukwaani amejipaka rangi ya hausi usoni, akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Aliporudi hakusema kitu. Usiku nikamsikia akilia.

Asubuhi tukaenda bwawa la manispaa kuulizia masomo. Tatizo likawa kofia: ile ya kawaida haikuingia juu ya rasta, ilijikunja ikaruka kama kifuniko cha chungu. Tukafumua, nikamsuka twende kilioni, nikapata kofia pana ya silikoni kwa ajili ya nywele nyingi. Kila Jumapili baada ya kanisa, miezi tisa. Mimi nilikaa pembeni na taulo, nimevaa kitenge changu cha ibada, nikinusa klorini. Mwalimu wake, kijana wa chuo, alikuwa akimwambia neno moja tu: pumua. Mwaka uliofuata aliingia mita 50. Alitoka wa mwisho, wenzake wote walishatoka majini wakajifunga taulo, na hausi nzima ilisimama ikihesabu mikono yake. Alipogusa ukuta alinitafuta mimi kwa macho kabla hajatoa miwani.

Mimi nami nilihitaji pa kuingilia. Wazazi wa shule ile wanajuana tangu chekechea, mazungumzo yao ni nyumba za pwani na kuteleza kwenye theluji. Nilikuwa nasimama na kikombe cha chai. Netiboli ndiyo iliyoniokoa. Jumamosi moja mtunza alama hakufika, nikajitolea. Nilicheza GA, yaani mshambuliaji, mpaka UMISSETA, michezo ya shule za sekondari Tanzania, kwenye viwanja vya vumbi, pekupeku. Kufikia robo ya tatu nilikuwa nawaelekeza wasichana jinsi ya kujitenga na mlinzi, na wiki iliyofuata nikaombwa nisaidie mazoezi. Tangu hapo mama mmoja anayeishi njia yetu humrudisha binti yangu kutoka mdahalo wa Ijumaa nikiwa zamu. Mimi Jumamosi nampeleka wa kwake.

Sasa yuko darasa la 9, yupo kwenye Tuzo ya Duke of Edinburgh, ngazi ya shaba: kujitolea, mazoezi ya mwili na stadi, kila kimoja kwa miezi isiyopungua mitatu, na kimojawapo sita. Kujitolea anakufanya kwenye nyumba ya wazee ninapofanya kazi, anawasomea magazeti. Kisha kuna safari ya siku mbili kwa miguu, begi mgongoni, kulala hemani kwenye milima ya Blue Mountains. Bibi yake alipoambiwa, aliuliza: "Tunawalipa hela zote hizo ili akalale porini?"

Ijumaa hii mdahalo uko shuleni kwao, na wazazi wa darasa la 9 ndio tunaoandaa vitafunwa. Nimeshajiandikisha: sambusa za nyama 80, visheti kilo mbili. Pembeni nimeandika kwa herufi kubwa, bila karanga.